Simu za Mkononi: Madhara Yake, na Yanayodhaniwa Kuwa Madhara

Katika neema alizotuneemesha Mwenyezi Mungu katika zama hizi ni simu ya mkononi. Hapana nyumba leo, iwe ya tajiri iwe ya maskini, ila hupatikana ndani yake simu moja au zaidi. Mama aliye Lamu amsikia mwanawe aliye Maskat kana kwamba wameketi pamoja ukumbini. Mwenye duka apokea fedha zake bila ya kuinuka kitini. Kijana asoma Kurani na tafsiri yake katika chombo kisichozidi kiganja. Wala chombo hiki si cha jana kama wadhaniavyo vijana wetu. Mtu wa kwanza kuzungumza kwa simu ya namna hii mbele ya watu alikuwa mhandisi Martin Cooper wa kampuni ya Motorola, tarehe 3 Aprili 1973, naye amesimama njiani mjini New York. Na simu yake hiyo uzito wake ulizidi kilo moja, hata mtu akizungumza kwa muda mkono wachoka.

Lakini pamoja na neema hiyo pamezuka maneno mengi, na mengi yake yamewatia khofu watu wa majumbani. Yasemwa kwamba simu yaleta saratani ya ubongo. Kwamba mnara uliosimamishwa nyuma ya nyumba ya jirani wamaliza watoto wa mtaa. Kwamba mtu akilala na simu karibu na kichwa haamki salama. Twaulizwa haya misikitini na barazani, na muulizaji ana haki ya kujibiwa, kwani kuuhifadhi mwili na uhai ni katika makusudio matano ambayo wanazuoni wetu wamesema sharia imekuja kuyalinda. Basi tumeona vyema tuyaeleze mambo haya moja baada ya moja, tutenge lililothibiti na lisilothibiti. Kisha tulifikie lile ambalo twaliona ndilo kubwa kuliko yote, nalo watu hawaliulizi kabisa.

Mwanzo wa kuchanganyikiwa huku ni lugha yetu wenyewe. Kiswahili kimelitwika neno moja, “mionzi”, mizigo mingi. Mwanga wa jua twauita mionzi, eksirei ya hospitali twaiita mionzi, na mawimbi yatokayo katika simu nayo twayaita mionzi. Basi mtu asikiapo kuwa simu hutoa mionzi, na huku ameona hospitalini jinsi mpiga eksirei anavyojificha nyuma ya ukuta, huona kwamba amebeba eksirei mfukoni mwake.

Ukweli ni kwamba vyote hivyo ni vya ukoo mmoja lakini nguvu zake zapitana mno, na kinachovipambanua ni idadi ya mitikisiko yake kwa nukta moja ya saa. Mawimbi ya simu ni mawimbi ya redio, ndugu wa yale yaliyokuwa yakituletea khabari barazani tangu zama za babu zetu. Hutikisika mara milioni mia kadhaa, au milioni elfu kadhaa, kwa kila nukta. Idadi hiyo yaonekana kubwa, lakini mwanga wa kawaida wa taa tunaosomea hutikisika zaidi ya hayo mara maelfu kwa maelfu, na eksirei hutikisika zaidi ya mwanga tena kwa maelfu. Na nguvu ya kuvunjavunja vile viini vidogo kabisa ambavyo mwili umejengwa kwavyo, ambako ndiko kunakoweza kuzaa saratani, haianzi ila juu ya mwanga huu tunaouona, katika ile sehemu kali ya miale ya jua, na katika eksirei na vilivyo juu yake. Mawimbi ya simu yako chini sana ya hapo. Wala wingi wake hauigeuzi hali hiyo. Mtu akitaka kuangusha embe kwa kurusha punje za mchele atamaliza gunia zima na embe li palepale mtini, na mwenziwe ataliangusha kwa jiwe moja.

Kinachojulikana kwa yakini kufanywa na mawimbi ya redio katika mwili ni kutia joto. Hapa ndipo wakuu wa elimu hii walipoweka mipaka. Waliona kwamba mwili mzima ukipokea nguvu ya wati 4 kwa kila kilo ya uzito, joto lake huweza kupanda kiasi cha digrii moja. Basi wakaamrisha mtu wa kawaida asipokee katika mwili mzima zaidi ya wati 0.08 kwa kilo, yaani fungu moja katika mafungu 50 ya kiwango hicho. Ama kichwa, ambacho ndicho kinachokaribiana na simu, mpaka wake ni wati 2 kwa kilo, ukipimwa katika gramu 10 za nyama. Na Wamarekani wameweka wati 1.6, ukipimwa katika gramu moja. Kila simu iuzwayo kwa halali hupimwa kwa kipimo hiki, na hesabu yake hupatikana katika karatasi zake au ndani ya simu yenyewe. Ule umoto ausikiao mtu sikioni baada ya mazungumzo marefu, sehemu yake kubwa watoka kwenye betri na mitambo ya ndani pamoja na kule kuziba sikio. Si ubongo unaopikwa.

Na maneno haya ya kupikwa yana kisa chake. Katika mwaka 2008 zilienea duniani picha za watu waliozizungushia mahindi simu tatu nne, zikalia kwa pamoja, na mara mahindi yakaruka yakawa bisi. Mamilioni ya watu waliziona wakasadiki. Baadaye ikadhihirika kuwa lilikuwa tangazo la biashara lililotengenezwa kwa ujanja, na nyuma yake ni kampuni iuzayo visikilizio vya masikioni. Jiko la umeme la mawimbi, ambalo kweli laweza kutoa bisi, hutumia nguvu ya wati 700 au 1,000 ndani ya sanduku la chuma lililofungwa. Simu haifiki wati moja kwa wastani. Mwenye akili angeweza kujiuliza: ikiwa mahindi yaruka, mbona vidole vya waliozishika simu hizo havikuungua?

Ama utafiti wa saratani, watu hawakuupuuza. Huko Denmark walifuatiliwa wateja wa simu zaidi ya 420,000, wengine kwa miaka mingi, wakalinganishwa na daftari la wagonjwa wa saratani la nchi nzima, wala haikuonekana saratani ya ubongo kuwazidi. Uchunguzi mwingine ulifanywa katika nchi 13 na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2010. Huo nao haukuona ziada kwa jumla, isipokuwa kwa lile kundi dogo la waliosema wametumia simu kupita wenzao wote, ndiko kulikoonekana ongezeko. Lakini wachunguzi wenyewe walitahadharisha, kwani hesabu ile ilitegemea kumbukumbu za watu, na mgonjwa aliyelala hospitali na uvimbe kichwani huikumbuka simu kwa namna asivyoikumbuka mzima. Na baadhi yao walitaja saa za mazungumzo ambazo hazisadikiki.

Kwa sababu ya mambo hayo, mwezi wa Mei 2011 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilikutana katika makao yake mjini Lyon, Ufaransa, ikayaweka mawimbi haya katika daraja iitwayo 2B, maana yake: “yumkini husababisha saratani”. Khabari hii ndiyo iliyopaza sauti magazetini, na hata leo watu huitaja bila ya kujua daraja yenyewe ni ipi. Tumbaku na pombe zimo katika daraja ya kwanza, ya yale yaliyothibiti. Daraja ya 2B ni ya mambo ambayo ushahidi wake ni haba, hayakuthibiti wala hayakufutwa. Na humo humo katika 2B baadaye iliingizwa dawa ya jani zima la shubiri, na imo pia achari ya mboga itengenezwayo kwa njia ya kienyeji huko Asia. Hatusemi haya kwa mzaha. Twasema ili msomaji ajue kwamba neno “yumkini” lina uzito wake, nao si uzito wa yakini.

Wamarekani nao waliwaweka panya katika mawimbi hayo mwili mzima, saa 9 kwa siku kwa muda wa miaka miwili, na mwaka 2018 wakatangaza kuwa baadhi ya panya madume walipata uvimbe katika mishipa ya fahamu ya moyo. Waliolisoma tangazo hilo kwa nusu walistuka. Waliolisoma mpaka mwisho waliona kuwa panya majike hawakupatwa na jambo hilo kwa namna iliyo wazi, na kwamba wale madume waliokaa katika mawimbi waliishi zaidi kuliko wenzao wasiokaa. Kisha mwaka 2024 ukatolewa uchunguzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliokusanya tafiti 63 za tangu mwaka 1994 mpaka 2022, nao haukuona kuwa matumizi ya simu yamefungamana na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia miaka kumi na zaidi. Twazingatia pia kwamba tangu miaka ya 1990 simu zimeongezeka kutoka za wachache mpaka zimewafikia walimwengu karibu wote. Lau zingekuwa zaleta saratani hiyo kwa wingi, daftari za hospitali za nchi zinazohesabu wagonjwa wao zingalikwisha kusema.

Na mnara je? Mnara watisha kwa sababu ni mrefu na waonekana, na simu haitishi kwa sababu twaipenda. Lakini nguvu ya mawimbi hupungua upesi sana kadiri ya umbali: ukienda mbali mara mbili, nguvu hubaki robo. Aliye nyumbani kwake mita mia kutoka kwenye mnara hupokea kutoka kwake kidogo mno kuliko apokeacho kutoka simu iliyobanwa sikioni. Tena simu ina desturi moja ambayo wengi hawaijui: ikiwa mnara u karibu, hujipunguzia nguvu, na ukiwa mbali, au mtu akiwa ndani ya lifti au gari la bati, hujikaza na kutoa nguvu zaidi ili isikike. Basi wale wapiganao mnara usisimamishwe mtaani mwao huku simu zao ziko masikioni, huzifanya simu hizo zitoe mawimbi makali zaidi, na wao ndio wayapokeao.

Katika Suratul Hujuraat Mwenyezi Mungu ametuamrisha tukiletewa khabari na asiyeaminika tuihakikishe, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Amri hii twaisoma tukaipita, kana kwamba ni ya watu wa zama zile. Mwaka 2004 huko Nigeria zilienea khabari kuwa ziko namba fulani za simu, mtu akizipokea hufa papo hapo. Na mwaka 2007 uvumi wa namna hiyo ukawatia khofu watu wa Pakistan, ambao ni Waislamu wenzetu, hata mamlaka zikalazimika kuukanusha. Msidhani ni wajinga tu wanaokumbwa. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, huko Uingereza walikochimbukia wengi wa mabingwa wa elimu hizi, watu walichoma moto minara kwa makumi wakisema ndiyo iletayo maradhi, na mafundi wa simu wakatukanwa njiani. Kijana apelekaye khabari kama hizo kwa jamaa mia kwa kubofya mara moja na ajue kwamba anayoyapeleka yameandikwa kwake.

Haya hayana maana kwamba tahadhari ni haramu. Anayetaka kujitenga na mawimbi, njia yake ni nyepesi na haigharimu kitu: atumie kisikilizio au sauti ya nje ili simu ikae mbali na kichwa, asizungumze kwa muda mrefu mahali ambapo mtandao ni hafifu, na watoto wadogo wasipewe simu kuwa mwanasesere, kwani hata tukiyaacha mawimbi, twajua yanayoingia machoni na nyoyoni mwao. Mzee aliyetiwa chombo cha kuuendesha moyo kifuani asiiweke simu katika mfuko wa kanzu ulio juu ya chombo hicho. Itengwe nacho kiasi cha sentimita 15, na azungumzie sikio la upande wa pili. Ama zile hirizi na vibandiko vinavyouzwa sokoni vikidaiwa “kunyonya mionzi”, ni upotezaji wa mali, na Muislamu aliyekatazwa hirizi za waganga hakuruhusiwa hirizi za wauza simu.

Liko jambo la betri, nalo si la kudhaniwa. Betri za simu zimetengenezwa kwa madini yaitwayo lithiamu, na ndani yake mna nguvu nyingi katika nafasi ndogo. Ikitobolewa, au ikijazwa kwa chaja mbovu, huweza kupata moto mkali ambao hauzimiki upesi. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung ililazimika kuzirudisha simu zake za Galaxy Note 7, zipatazo milioni 2 na nusu, kwa ajili ya betri zilizokuwa zikiwaka, kisha ikaacha kabisa kuzitengeneza. Ikiwa hayo yaliifika kampuni kubwa kama hiyo, basi chaja ya bei rahisi isiyo na jina, inunuliwayo njiani, itazamwe kwa jicho la pili. Simu isijazwe chini ya mto wa kulalia wala chini ya shuka, kwa sababu joto halina pa kutokea. Na betri iliyovimba isibanwe ili ikae, itolewe na ipelekwe kwa fundi. Mama wa nyumba ambaye kila usiku huhakikisha kuwa jiko limezimwa na afanye vivyo hivyo kwa simu za watoto.

Sasa twafika kwenye lile jambo ambalo watu hawaliulizi.

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 katika mwaka 2021, nao ni zaidi ya 3,200 kwa kila siku moja. Zaidi ya nusu ya waliokufa si wenye magari. Ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Na kwa mwenye umri wa miaka 5 mpaka 29, hapana maradhi yoyote duniani yamwuayo kuliko barabara. Umri huo, ndugu zangu, ni umri wa watoto wa chuoni na wa maharusi. Vifo 9 katika kila 10 ni katika nchi zisizo tajiri, kama zetu. Sababu ni nyingi: mwendo wa kasi, ulevi, usingizi, njia mbovu. Lakini katika miaka hii simu nayo imeingia, na Shirika hilo lasema kuwa dereva atumiaye simu yumo katika hatari ya kugonga kiasi cha mara nne kuliko asiyeitumia.

Hesabu hii ya mara nne haikutolewa hewani. Huko Toronto, Kanada, madaktari walichukua madereva 699 waliopata ajali, wakazitazama daftari za simu zao dakika kwa dakika, na mwaka 1997 wakatangaza kuwa hatari huzidi mara nne mtu anapozungumza. Miaka minane baadaye, huko Perth, Australia, walichunguzwa madereva 456 waliolazwa hospitali, na jibu likatoka lile lile. Na jambo lililowastaajabisha wote ni kwamba wenye kuzungumza kwa visikilizio, mikono yao yote miwili ikiwa kwenye usukani, hawakusalimika zaidi ya walioshika simu mkononi.

Sababu yake ni kwamba aliye kwenye simu akili yake haiko barabarani. Macho hutazama na hayaoni. Abiria aliyeketi ubavuni mwa dereva huiona njia pia. Akiona lori laja, hunyamaza, au hupiga kelele. Aliye upande wa pili wa simu yuko jikoni kwake au ofisini kwake, haoni kitu, naye huzidi kuuliza na kutaka majibu wakati ule ule mtoto anapovuka.

Katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, wachunguzi waliwaweka watu 40 katika mtambo wa kuigiza uendeshaji, wakawajaribu wakiwa wamekunywa pombe mpaka kiwango kinachokatazwa na sheria ya huko, na wakawajaribu tena siku nyingine hawakunywa kitu ila wanazungumza kwa simu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Wenye simu walichelewa kushika breki. Na watatu katika wao waliligonga gari la mbele, hali wakati wa ulevi hakugonga hata mmoja. Twaomba Muislamu azingatie jambo hili. Yuko mtu katika sisi ambaye hajapata kuonja pombe, wala hapiti karibu na mlango wa baa, na lau angeambiwa kuwa dereva wa basi lililobeba watoto wake amekunywa angelisimamisha basi hilo kwa mwili wake. Mtu huyo huyo huendesha gari akiwa na watoto hao hao, na simu sikioni.

Na kuandika ni kubaya zaidi ya kuzungumza. Huko Virginia, Marekani, magari ya mizigo yalitiwa kamera, na mwaka 2009 ikaonekana kuwa dereva aandikaye ujumbe hatari yake yazidi mara 23, kwa kuwa huondoa macho yake barabarani karibu nukta 5 kwa mpigo mmoja. Fanya hesabu mwenyewe: gari lendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila nukta. Kwa nukta 5 limekwenda mita 111, na huo ni urefu wa kiwanja cha mpira, dereva akiwa kama kipofu. Na hayo yote kwa ajili ya kuandika “niko njiani”.

Watu wetu wana neno la kujiliwaza: ajali haina kinga. Neno hili hulisema dereva aliyegonga, na hulisema jamaa za aliyegongwa, na mambo yakaishia hapo. Kuamini kadari ni katika nguzo za imani yetu, lakini kadari haikufanywa kuwa pazia la kufunikia uzembe. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akienda Sham, akapata khabari kuwa tauni imeingia huko, aliwarudisha watu kutoka Sargh, na alipoulizwa na Abu Ubaida kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kuwa anaikimbia kadari kwenda kwenye kadari nyingine ya Mwenyezi Mungu. Tauni hakuileta Umar, na bado aliiepuka. Basi simu, ambayo mtu aishika kwa mkono wake, na aweza kuiweka chini kwa mkono huo huo?

Tena sharia haikumwacha hivi hivi mwenye kuua bila ya kukusudia. Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, imewekwa hukumu ya aliyemwua muumini kwa makosa: diya kwa warithi wake ila watakaposamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Watu wengi wadhani hukumu hii ni ya vitabuni tu. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, ilikutana mjini Bandar Seri Begawan, nchini Brunei, mwezi wa Juni 1993, na katika azimio lake la 71 ikaamua kwamba kufuata sheria za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu, na kwamba dereva ana dhamana ya madhara anayowafikishia watu, katika miili yao na mali zao, akiwa amefanya kosa na madhara yamepatikana. Haondokewi na dhamana hiyo ila katika hali chache, kama kushindwa na nguvu asiyoweza kuizuia, au kosa kuwa la mwingine. Simu haimo katika hizo. Bima yaweza kulipa fedha. Haiwezi kumfungia mtu miezi miwili.

Kwa hiyo anayedharau sheria ya serikali katika jambo hili asidhani kuwa adharau serikali peke yake. Kenya imeweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva atumiaye simu gari likienda, katika kanuni za mwaka 2016. Uingereza ilikataza kushika simu tangu Desemba 2003, na mwaka 2022 ikaziba mwanya uliobaki, hata kupiga picha au kuchagua nyimbo kwa simu iliyo mkononi kukawa kosa.

Vijana wa bodaboda twataka kusema nao neno makhsusi, kwa sababu riziki yao i juu ya magurudumu mawili na nyuma yao huketi dada zetu na watoto wa shule. Imekuwa desturi kuichomeka simu ndani ya helmeti, ikabanwa baina ya kofia na sikio, na mazungumzo yakaendelea kutoka kituo mpaka kituo. Kijana huona ameshinda, kwani mikono yake i huru. Tumekwisha kueleza kuwa hatari haiko mikononi. Tena sikio lililozibwa halisikii honi ya lori lililo nyuma. Maneno haya yawafikie pia wale waendao kwa miguu na visikilizio masikioni, wakavuka njia wakisikiliza mawaidha. Mawaidha yatangojea mpaka ng'ambo.

Haikosi kuwa tunajua kuzima simu tunapotaka. Kila Ijumaa, kabla ya khutba, mkono huingia mfukoni ukaifunga, kwa kuchelea aibu ya kulia mbele ya watu. Kisha mtu hutoka, apanda gari lake, na jambo la kwanza alifanyalo ni kuifungua, na safu zile zile za watu alioswali nao ndizo zivukazo njia mbele yake. Ingekuwa vyema iendelee kuzimwa mpaka afike nyumbani, au apewe mke au mtoto aipokee kwa niaba yake.

Na si dereva peke yake mwenye jambo hili. Mke aliye nyumbani ampigiaye mumewe mara tatu kumwuliza amefika wapi, tajiri amhimizaye dereva wake kwa simu naye yumo barabarani, rafiki asikiaye mngurumo wa gari na bado aendelea na hadithi yake, wote hao wana fungu lao. Tukimpigia mtu, tukasikia kuwa aendesha, tumwambie tutazungumza afikapo, nasi tuikate simu kabla yake, maana yeye huona haya kuikata. Abiria katika basi wasinyamaze wakimwona dereva na simu. Wamwambie kondakta kwa adabu, na asiposikia waseme wote kwa pamoja, kwani dereva hupuuza sauti moja lakini hapuuzi basi zima. Anayeanza safari na apeleke ujumbe wake kabla ya kuwasha gari, aseme atoka saa ngapi na atarajia kufika saa ngapi. Na ikimjia simu ambayo aona lazima aipokee, atoke barabarani mpaka mahali palipo salama pa kusimama, azime gari, ndipo apokee. Akichelewa hakuna kilichompotea: jina la aliyempigia na saa aliyopiga hubaki vimeandikwa katika simu.